Joto la Pipa na Bia ya Ukoo

(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa ukoo, kikao cha Jumamosi alasiri)



  Kamati ya matayarisho imenituma nijibu swali ambalo wazee waliliuliza katika mkutano uliopita, nalo likabaki bila jibu. Swali lenyewe ni hili: nyumba tatu za ukoo wetu zilipika bia kwa maelezo yale yale, kwa kimea kile kile, hopsi zile zile na chachu ya aina moja. Imekuwaje basi zikaleta bia tatu zisizofanana hata kidogo?

Mtakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Bia iliyotoka Houston ilipanda puani kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na ilichoma koo. Bia iliyotoka Minneapolis ilikuwa tamu kupita kiasi, na chupa zake mbili zilipasuka ndani ya gari kabla hazijafika hapa. Bia iliyotoka Reading, kule Uingereza, ilikuwa na ladha njema, lakini ilikuwa na mashapo mengi mithili ya maji ya mto baada ya mvua. Baadhi yetu walisema tofauti hiyo ni mkono wa mpishi. Wengine walilaumu maji ya nchi za watu. Nimewauliza wapishi wote watatu jinsi walivyofanya kazi yao hatua kwa hatua, na jibu langu kwenu ni fupi: tofauti ile ilikuwa ni joto la pipa. Hakuna aliyekosea vipimo vya jikoni. Kilichokosekana ni mtu wa kulitazama pipa baada ya jiko kuzimwa.

Kabla sijaendelea, naomba niseme neno kwa ndugu zetu wasiokunywa, ama kwa ajili ya imani ama kwa ajili ya afya. Siwashawishi kunywa. Kadhalika ndugu wanaoishi katika nchi ambazo sheria yake inakataza kupika pombe nyumbani wayachukue maneno haya kama elimu tu, wala wasiyajaribu. Hapa Marekani, sheria iliyotiwa sahihi na Rais Carter mwaka 1978 iliruhusu mtu mzima kupika bia kwa matumizi ya nyumbani, isiyozidi galoni 100 kwa mwaka, au galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi. Hata hivyo kila jimbo lina sheria yake, na majimbo ya mwisho kuruhusu, Mississippi na Alabama, yalifanya hivyo mwaka 2013. Uingereza iliondoa sharti la leseni mwaka 1963. Kuuza ni jambo jingine. Bia ya ukoo ni ya kunywa na kugawana, si ya biashara.

Sasa turudi kwenye pipa. Yawezekana mzee mmoja akauliza: mbona bibi zetu kule Kilimanjaro walipika mbege miaka yote bila jokofu wala kipimajoto? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba mbege ni kinywaji cha leo na kesho. Ndizi zilizochemshwa hukutana na kimea cha ulezi, uchungu wa msesewe humsaidia mpishi kusawazisha utamu, na wageni huinywa ikiwa bado inachemka kwa uhai wake. Hakuna anayeidai iwe angavu kama kioo, wala hakuna anayeifungia ndani ya chupa kwa miezi mitatu. Bia ya chupa ni kiumbe cha namna nyingine. Tunaitaka itulie, ing'ae, isafiri maili elfu moja, na ifike ikiwa salama. Kwa hiyo inatudai jambo ambalo mbege haikudai: kuitawala safari ya joto tangu mwanzo hadi mwisho.

Naomba tuelewe kwanza kinachotokea ndani ya pipa. Baada ya kimea kulowekwa katika maji ya moto na maji yale kuchemshwa pamoja na hopsi, tunapata togwa tamu. Togwa hiyo hupozwa, kisha hutiwa chachu. Chachu ni viumbe hai wadogo wasioonekana kwa macho. Hula sukari, hutoa kileo na hewa ya ukaa, na hutoa joto pia. Joto hilo ndilo linalosahauliwa. Pipa la lita 20 la bia ya kawaida hutoa, tangu uchachukaji uanze hadi uishe, joto linalokaribia kilojuli 1,000. Kama lingezuiliwa lote ndani lingepandisha joto la bia kwa zaidi ya nyuzi 10 za Sentigredi. Kwa bahati njema sehemu kubwa hutoka polepole kupitia kuta za pipa. Hata hivyo, siku ya pili na ya tatu, uchachukaji unapokuwa umepamba moto, bia iliyomo ndani huwa na joto la nyuzi 2 hadi 5 zaidi ya hewa ya chumba.

Hapo ndipo tunapoielewa bia ya Houston. Banda la gari lilikuwa na nyuzi 27. Mpishi aliangalia kipimajoto kilichotundikwa ukutani, akaona kwamba hali si mbaya sana. Lakini ndani ya pipa bia ilikuwa imefika nyuzi 30 au zaidi, yaani 86 za Farenhaiti, ilhali chachu ile ilitaka nyuzi 18 hadi 20, ambazo ni 64 hadi 68 za Farenhaiti. Chachu iliyochemshwa na joto hufanya kazi kwa pupa, na pupa hiyo huzaa vileo vizito vyenye kuchoma na harufu kama za dawa. Vikishazaliwa haviondoki, hata bia ikipozwa baadaye kwa barafu ya dunia nzima. Kwa hiyo siku tatu za kwanza ndizo za kulinda pipa lisipande joto.

Kuna aina mbili kubwa za chachu ya bia, nazo zinatofautiana kwa joto zinalolipenda. Chachu ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 20. Chachu ya laga hupenda baridi, nyuzi 10 hadi 12. Wazungu wenyewe hawakulijua hili kwa siku moja. Kule Bavaria, mwaka 1553, mtawala wao alipiga marufuku kupika bia kuanzia tarehe 23 Aprili hadi 29 Septemba, kwa sababu bia ya kiangazi iliharibika. Waliitegemea baridi ya msimu kwa zaidi ya miaka mia tatu, hadi miaka ya 1870 Carl von Linde alipowatengenezea wapika bia mashine za kupozea. Na ilikuwa mwaka 1883 ndipo Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen, alipofaulu kuitenga chachu safi ya laga. Usione vyaelea, vimeundwa. Nasi leo tuna jokofu jikoni. Tumepewa kwa urahisi kile ambacho wao walikingojea karne kadhaa.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwenye kiini cha hotuba yangu, nacho ni kupoza pipa baada ya uchachukaji. Watu wengi hudhani kupoza ni kazi nyepesi: kuliingiza pipa jokofuni na kufunga mlango. La hasha. Kupoza kunaweza kuikamilisha bia, na kunaweza kuiua au kuifanya hatari kwa watoto wetu. Yako mambo manne ya kuzingatia.

Jambo la kwanza ni kutopoza kabla ya wakati. Baridi huilaza chachu; haiiui. Bia ya Minneapolis ilipikwa wakati wa baridi kali, ikawekwa katika ghala la chini ya nyumba lenye nyuzi 13. Chachu ya eli ililala kabla ya kumaliza sukari. Mapovu yalikoma, mpishi akaamini kazi imekwisha, akajaza chupa na kuziongezea sukari ya kutilia gesi. Kisha mwezi Julai chupa zikapakiwa katika gari lililopigwa na jua. Chachu ikaamka, ikaikuta sukari ya zamani na sukari mpya, ikala zote, na hewa ya ukaa ikakosa pa kutokea. Chupa ya namna hiyo ni bomu. Tunamshukuru Mungu kwamba zilipasuka ndani ya sanduku, na si mkononi mwa mtoto.

Kwa hiyo kukoma kwa mapovu si ushahidi. Ushahidi ni haidromita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kupima uzito wa togwa. Bia iliyoanza na 1.048 kwa kawaida humalizia karibu na 1.010. Pima leo, pima tena baada ya siku mbili au tatu. Namba zikiwa zile zile, na zikiwa karibu na zile ulizotazamia, chachu imemaliza. Namba zikisimama juu, kwa mfano 1.022, usipoze wala usijaze chupa. Lirudishe pipa kwenye joto la nyuzi 20 na kulitikisa taratibu ili chachu iinuke. Hata bia ya laga, uchachukaji unapokaribia mwisho, huachwa ipande hadi nyuzi 16 au 18 kwa siku mbili tatu, ili chachu ipate kufyonza ile ladha ya siagi iliyoiacha njiani. Mvumilivu hula mbivu.

Jambo la pili ni kipimajoto kupima bia, si hewa. Jokofu la nyumbani limetengenezwa kukaa karibu na nyuzi 4, na kidhibiti chake hakifiki nyuzi 18. Hivyo wapishi hutumia kidhibiti joto cha nje: kinachomekwa ukutani, jokofu linachomekwa kwenye kidhibiti, na kidhibiti hukata au kuruhusu umeme kufuatana na kihisi, yaani ile ncha ya waya inayopokea joto. Swali ni kwamba ncha hiyo iwekwe wapi.

Ukiitundika hewani, itakudanganya. Hewa ya jokofu hubadilika kwa dakika chache, bali lita 20 za bia hubadilika kwa saa nyingi. Mashine itawaka na kuzima mara kwa mara, nayo namba itasoma 18 huku bia ikiwa 21. Ukiitumbukiza ndani kabisa ya bia kwa mrija, itasema kweli, lakini itachelewa kusema. Mashine itaendelea kupoza kwa saa kadhaa, na itakapozima, kuta za jokofu zitakuwa na baridi kali kuliko bia, kwa hiyo bia itazidi kushuka kupita pale ulipotaka. Njia ya kati ndiyo bora kwa wengi wetu: ibandike ncha ubavuni mwa pipa, chini ya usawa wa bia, kisha uifunike kwa kitambaa kinene kilichokunjwa au sifongo ili isihisi hewa. Ruhusu tofauti ya nyuzi 1 kabla mashine haijawaka tena, na uiwekee kompresa mapumziko ya dakika tatu hadi tano kati ya kuzima na kuwaka, ili isiungue. Mwenye kutumia pia mkanda wa kupashia joto wakati wa baridi aache nafasi kati ya namba ya kupasha na namba ya kupoza. Asipofanya hivyo mashine mbili zitashindana usiku kucha, na mshindi atakuwa kampuni ya umeme.

Jambo la tatu ni kiwango cha baridi na hewa inayoingia. Shabaha ya kupoza ni nyuzi 2 hivi, sawa na 36 za Farenhaiti, kwa siku mbili au tatu. Chachu na mashapo mengine huzama chini, na bia ya Reading ingekuwa angavu laiti ingepata siku hizo tatu. Usilenge sifuri wala chini yake, maana bia yenye kileo cha asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na tumekwisha kuona kwamba mashine hupitiliza. Bia ya laga kwa desturi hushushwa polepole, nyuzi moja au mbili kwa siku. Bia ya eli iliyomaliza kuchachuka inaweza kushuka kwa mwendo wa jokofu lenyewe.

Lakini kumbukeni kwamba kitu kinachopoa husinyaa. Hewa iliyo juu ya bia ikishuka kutoka nyuzi 20 hadi 2 hupungua kwa asilimia 6 hivi. Zaidi ya hapo, bia baridi huyeyusha hewa ya ukaa karibu mara mbili ya bia yenye joto la chumba, kwa hiyo bia yenyewe huinywa hewa iliyo juu yake. Matokeo yake pipa huvuta kutoka nje. Kile kizibo chenye maji, ambacho juma zima kilikuwa kikitoa mapovu, sasa hugeuka na kuvuta maji yake ndani ya bia, kikifuatiwa na oksijeni. Oksijeni huifanya bia ichakae upesi na kuwa na ladha ya karatasi iliyolowa. Dawa yake si ngumu. Kabla ya kupoza, wakati mapovu bado yanatoka, funga puto safi mdomoni mwa pipa lijae hewa ya ukaa. Pipa likianza kuvuta, litavuta hewa hiyo. Asiye na puto akitie kizibo pombe kali isiyo na ladha badala ya dawa ya kusafishia, ili kitakachovutwa kisiwe sumu. Wala usiligandamize pipa la plastiki kwa kizibo kisichopitisha kitu, likaja kukunjamana na kuvunjika.

Jambo la nne linahusu sukari ya kutilia gesi. Majedwali ya kupimia sukari huuliza joto la bia. Wengi huandika nyuzi 2, kwa kuwa hivyo ndivyo bia ilivyo siku ya kujaza chupa. Kinachotakiwa ni joto la juu kabisa ambalo bia ilifikia baada ya kumaliza kuchachuka, maana hilo ndilo lililoamua ni gesi kiasi gani iliyobaki ndani. Kwa bia iliyomalizia nyuzi 20, gramu 6 za sukari nyeupe kwa kila lita zinatosha, yaani gramu 120 kwa pipa la lita 20. Mwenye kuandika nyuzi 2 ataambiwa atie karibu nusu ya hiyo, na bia yake itakuwa imelala kama maji. Msiogope kwamba chachu yote imezama, inayobaki inatosha. Chupa zikae kwenye nyuzi 20 kwa majuma mawili, ndipo ziingie jokofuni. Na ziwe chupa zilizotengenezwa kwa ajili ya bia, si kioo chembamba.

Najua wapo vijana wetu wanaoishi katika vyumba vya kupanga, wasio na nafasi ya jokofu la pili. Wao wasikate tamaa. Babu zao wa pwani na wa bara walipoza maji kwa mtungi wa udongo: maji hupenya udongo, hukauka juu yake, na kukauka huko huchukua joto. Fanyeni vivyo hivyo. Liwekeni pipa ndani ya beseni kubwa la maji, lifunikeni kwa fulana iliyolowa ambayo ncha yake imo majini, na mlielekezee feni. Lita moja ya maji ikikauka huchukua kilojuli 2,400 hivi, zaidi ya mara mbili ya joto lote linalotolewa na pipa zima. Penye unyevu mwingi hewani, kama Houston, maji hayakauki upesi. Hapo tumieni chupa za maji yaliyoganda. Barafu ya lita moja ndani ya beseni lenye maji lita 20 na pipa la lita 20 hushusha yote kwa nyuzi 2 hivi. Badilisheni asubuhi na jioni. Njia hii haitafikisha nyuzi 2 za kung'arisha bia, lakini italinda zile siku tatu za kwanza, nazo ndizo zenye uzito mkubwa.

Jambo la mwisho ni usalama. Jokofu kuukuu au friza ya kulala iliyo ghalani ni mtego kwa mtoto mdogo anayecheza kujificha. Iwe na kufuli, na ufunguo ukae kwa mtu mzima. Nyaya za umeme zisilale penye maji. Na pipa lililojaa lina uzito wa zaidi ya kilo 20. Waacheni wenye migongo imara walinyanyue.

Ndugu Mwenyekiti, nilitumwa kujibu swali, nami naomba niliache pendekezo. Mwakani kila nyumba ipike tena kwa maelezo yale yale ya mwanzo. Pembeni mwa kila pipa pawe na daftari. Kila asubuhi na kila jioni joto la bia, si la chumba, liandikwe pamoja na namba za haidromita, na daftari lije hapa pamoja na chupa. Bibi zetu walilinda ujuzi wao kwa kukaa jirani na binti zao. Binti aliona, akagusa, akaonja, akajua. Sisi hatukai jirani tena. Mtoto wa Minneapolis hawezi kugusa pipa la shangazi yake wa Reading. Daftari litafanya kazi ya ujirani huo. Tukiendelea kupika kwa kubahatisha, baada ya kizazi kimoja watoto wetu watanunua kila kitu dukani, na siku mzee atakapohitaji kumiminiwa kinywaji kilichopikwa na mikono ya ukoo, hatapatikana wa kumpikia.

Wazee wetu, mtakapoletewa kata ya kwanza mwakani, tunataka muionje bila kukunja uso, na msiulize ilitoka nyumba ipi, kwa kuwa zote zitafanana.